WMA Ipi Hiyo, Jamani?

Mfyuu! Herufi tatu tu, W na M na A, lakini zinavyotuchanganya hapa Ifakara si kidogo. Kaa kijiwe chochote, cha Kibaoni au cha Viwanja Sitini, kisha useme kwa sauti ya kusikika: "Nasikia WMA wanakuja wiki hii." Utaona. Mnunuzi wa mpunga atataka kujua wanakuja siku gani hasa, kwa sababu mizani yake haijahakikiwa. Mzee aliyeshuka kwenye basi la Lupiro atauliza kama ni habari ya mipaka tena. Fundi simu atacheka, maana kwake WMA ni yale mafaili ya nyimbo ambayo Microsoft waliyaleta mwaka 1999 na simu nyingi za bei nafuu zikagoma kuyapiga. Na dada anayezunguka vijijini kuhoji watu kwa ajili ya watafiti wa malaria atashangaa: "Mnasema madaktari wa dunia? Waje Ifakara kufanya nini?"

Wote wanne wako sahihi. Hapo ndipo ninaposonya.

Nianze na anayegusa mfuko. Wakala wa Vipimo uliundwa mwaka 2002, na unafanya kazi kwa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Jina lake la Kiswahili linajieleza lenyewe; bibi yangu ambaye hakuona mlango wa shule angelielewa papo hapo. Lakini soma taarifa zake, hata zile za Kiswahili kitupu, utakuta "Wakala wa Vipimo (WMA)". W tunaikubali, ni ya Wakala. M iko wapi? A iko wapi? Zimetoka kwenye jina la Kiingereza zikabandikwa ubavuni mwa jina la Kiswahili, na sisi tumeachiwa tuzimeze hivyo hivyo.

Na huyu si mtu wa kumpuuza. Ndiye anayekagua mizani ya duka na kuibandika stika, ndiye anayepima pampu ya mafuta isimwibie dereva wa bodaboda, na ndiye mwenye mamlaka ya kumkamata anayefungasha lumbesa. Lumbesa tunaijua vizuri sana huku. Mkulima wa Mngeta, Mbingu au Namwawala ameingia kwenye tope la mbugani tangu mvua za Desemba, amepanda, amepalilia, amewinga ndege tangu alfajiri mpaka jua linazama. Mavuno yakifika, mnunuzi anakuja na magunia yake mwenyewe. Gunia linajazwa, linashindiliwa, kisha juu ya mdomo wake linaongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba mpaka limesimama na kilemba. Bei ni ya "gunia". Kile kilemba hakina bei, ni cha bure, kimetoka jasho la mtu. Sheria inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Anayenunua anaijua sheria hiyo kuliko anayeuza.

Ukiachana na gunia kuna debe. Debe la lita 20 linagongwa kwa ndani mpaka linatoka tumbo, halafu linaitwa debe. Kila siku ya msimu hilo debe linajazwa na kumwagwa, linajazwa na kumwagwa, na kila likimwagwa mkulima amepoteza kitu ambacho hatakaa akione kwenye hesabu yoyote. Kwa hiyo mtu wa vipimo akija kijijini kwetu ni rafiki wa mkulima. Tungepaswa kumpokea kwa vigelegele, na watu wajitokeze wamwonyeshe lilipo lile debe lenye tumbo.

Sasa msikilize mkulima huyohuyo akiambiwa na jirani, "Kesho WMA wanafika." Anaweza kujifungia ndani. Kwa nini? Kwa sababu kuna WMA ya pili, na hiyo inahusu ardhi.

Hii ya pili kwa Kiswahili ni Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ndiyo iliyoleta wazo lake, na kanuni zake zikatoka mwaka 2002. Wazo lenyewe silikatai hata kidogo: vijiji vinavyopakana na hifadhi vitenge sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama, viunde jumuiya, kisha mapato ya utalii na uwindaji yarudi kwa wenye kijiji badala ya kupita juu ya vichwa vyao. Huku kwetu jumuiya hiyo inaitwa ILUMA. Jina limekatwa vizuri: I ni Ifakara, LU ni Lupiro, MA ni Mang'ula. Hata mtoto wa darasa la pili ukimweleza mara moja hatasahau, maana kila kipande ni mahali anapopajua. Iringa nako wana MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Unaona? Tukiachiwa wenyewe tunajua kufupisha. (Huko Japani, tangu mwaka 2021, ILUMA ni jina la kifaa cha kuvutia tumbaku cha kampuni ya Philip Morris. Hilo halitudhuru, kwa sababu hakuna mtu wa Lupiro atakayefikiria sigara akiitwa kwenye mkutano wa jumuiya.)

Na ardhi inayozungumzwa hapo ni ya thamani kweli kweli. Kuna milima ya Udzungwa upande mmoja, ambayo sehemu yake ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992. Upande wa pili kuna lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa mwaka 2019 iligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo wanapita katikati kama walivyopita siku zote, na katikati ndiko tulikolima mpunga na miwa. Kwenye mbuga za mto Kilombero kuna sheshe, swala mwekundu wa majini. Bonde hili limewahi kuhesabiwa kuwa makazi ya wengi wao waliopo duniani. Kuna hata ndege mmoja, mnana wa Kilombero, ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1990 na hapatikani popote nje ya bonde hili.

Mwaka 2002 ninaurudia tena, kwa sababu ulikuwa mwaka wa mambo. Ndio mwaka ulioundwa Wakala wa Vipimo. Ndio mwaka zilizotoka kanuni za jumuiya za wanyamapori. Ndio mwaka ambao bonde letu, karibu kilomita za mraba 8,000, liliorodheshwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Na ndio mwaka mbegu ya mpunga ya Saro 5 iliporuhusiwa rasmi, kazi ya watafiti wa KATRIN hapahapa Ifakara. Mambo manne ndani ya mwaka mmoja: gunia, pori, maji na mbegu, yote yanamhusu mkulima yuleyule mmoja. Kati ya hayo, Saro 5 pekee ndiyo iliyoingia midomoni mwa watu bila taabu. Hayo mengine yalikuja na herufi za Kiingereza au jina la kigeni, na mpaka leo watu wanayazungumzia kwa kubahatisha.

Nikisema KATRIN, nao wana pacha wao. Kwetu lilikuwa jina la taasisi ya utafiti na mafunzo ya kilimo ya Kilombero. Ujerumani, katika mji wa Karlsruhe, KATRIN ni mtambo mkubwa wa wanafizikia wanaojaribu kupima uzito wa nyutrino, chembe ndogo mno ambayo kwa kawaida inapenya dunia nzima bila kugusa kitu. Nikiwaza kwamba kuna watu wanahangaika miaka na miaka wapate uzito sahihi wa kitu kama hicho, na sisi gunia la mpunga linatushinda kupima, naumia.

Nirudi kwenye ardhi, maana huko utani hakuna. Bonde hili lilifanywa Pori Tengefu mwaka 1952. Watu wakaishi humo, wakalima humo, wakazaa humo. Kisha Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 ikapiga marufuku kilimo na malisho ndani ya mapori tengefu. Mwishoni mwa mwaka 2012 ikaendeshwa operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, na wafugaji wengi wakahamishwa na ng'ombe wao. Sisemi nani alikosa. Bonde lilikuwa linaumia, na waliohamishwa nao waliumia. Ninachosema ni kwamba kwenye nyaraka ilikuwa GCA, na ukienda kwenye nyaraka nyingine ni GR, na nyingine WMA, na kila moja ya herufi hizo ina sheria yake juu ya nini unaruhusiwa kufanya na jembe lako. "Pori tengefu" na "pori la akiba" ni maneno ambayo mtu anayaelewa akiyasikia: moja limetengwa, jingine limewekwa akiba. Ukimpa GCA na GR umemnyima hata uwezo wa kuuliza swali.

Sasa WMA ya tatu, ile ya yule dada mhojaji. Hiyo ni Jumuiya ya Madaktari Duniani, iliyoanzishwa Paris mwaka 1947, baada ya vita, wakati dunia ilipokuwa imesikia ukatili ambao madaktari wa Kinazi waliwafanyia wafungwa kwa jina la utafiti. Wafaransa, ambao ndio wenyeji wa makao yake makuu pale Ferney-Voltaire, wanaiita AMM kwa lugha yao, na hawaoni haya. Mwaka 1964 jumuiya hiyo ilitoa Tamko la Helsinki, linaloeleza mtafiti afanye nini kabla hajamgusa binadamu. Limefanyiwa marekebisho mara kadhaa, ya karibuni mwaka 2024.

Mtu atasema Helsinki ni mbali na Ifakara. Si mbali. Ifakara kumekuwa na maabara ya utafiti tangu mwaka 1957, alipoianzisha Rudolf Geigy kutoka Basel, Uswisi. Leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara, IHI kwa herufi za Kiingereza. (Japani IHI ni kampuni ya mitambo mizito, na Marekani ni taasisi ya kuboresha huduma za afya. Katika zote tatu, ni ya kwetu pekee ambayo I yake ya kwanza ni jina la mji.) Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto wa Idete, kijiji cha bondeni humuhumu, walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: kinga ya takriban asilimia 31 kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano. Majaribio ya Gambia na Thailand yaliyofuata hayakuona kinga, na chanjo ile ikaachwa. Lakini Idete ilikuwa imetoa watoto wake kwa ajili ya watoto wa Afrika nzima, na jambo hilo linastahili heshima kubwa kuliko tunayolipa.

Tamko la Helsinki linataka nini kwa mzazi wa Idete? Linataka aelezwe utafiti ni wa nini, una hatari gani, una faida gani, aelezwe akaelewa, akubali kwa hiari yake, na aambiwe kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Ndiyo maana kuna fomu ya ridhaa, na ndiyo maana yule dada anaisoma yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, hata kama mama mwenye nyumba ana haraka ya kwenda mashineni kukoboa mpunga. Asiyeelewa hasaini.

Hebu niambieni, jamani. Kwa tone la damu la kidoleni tunasomewa karatasi nzima kwa Kiswahili. Kwa kijiji kinachotenga eneo la wanyama, ambalo wajukuu hawatalilima, kanuni nazo zinataka mkutano mkuu wa kijiji ukae na uridhie, na kuwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Vizuri. Sasa huyo anayenyoosha mkono mkutanoni, ameridhia nini kama kichwa cha habari chenyewe ni WMA na nusu ya walioketi chini ya mwembe wanadhani ni watu wa mizani? Mkono umenyooshwa, muhtasari umeandikwa, muhuri umegongwa. Ridhaa haipo. Mimi nataka kipimo cha madaktari kitumike kwa hao wengine wote: asiyeelewa asihesabiwe kwamba amekubali.

Mzee mmoja hapa kijiweni amenikatiza. Anasema, "Mjukuu wangu, vifupisho vingine vinatusitiri." Ni kweli, na ninampa haki yake. Pale hospitalini mtu anayekwenda kuchukua dawa za VVU husema tu, "Nakwenda CTC." Anayetakiwa kuelewa anaelewa, na mdakuzi anabaki na udakuzi wake. Herufi hizo zimebeba aibu ambayo jamii ilitaka kumtwika mgonjwa, na ziendelee kuibeba. Lakini tofauti iko wazi: hapo kifupisho kiko mkononi mwa mnyonge, anakitumia kujilinda. Kwenye tangazo la kijiji kiko mkononi mwa ofisi.

Tena tusijifanye kwamba Kiswahili hakiwezi. UKIMWI ni kifupisho, Upungufu wa Kinga Mwilini, na kimekuwa neno kamili kiasi kwamba vijana hawajui kama kiliwahi kuwa herufi. Au tuangalie ushahidi wa hapahapa. Mwaka 1996 ulianza mradi wa vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Kwenye makabrasha ya watafiti uliitwa KINET. Dukani, chandarua na dawa yake viliitwa "Zuia Mbu". Basi! Hakuna aliyehitaji semina. Watu walinunua, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vyandarua vile viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Bila shaka dawa na nyavu ndizo zilizofanya kazi, lakini chandarua ambacho mama hakielewi hakifiki kitandani. Walipotaka tununue, walituita kwa lugha yetu. Kwa nini wanapotaka tutii au tutoe ardhi wanatuita kwa herufi?

Nasikia sauti nyingine: mbona TAZARA tumeizoea, na ina Kiingereza ndani? Ndiyo, tumeizoea kwa sababu ni moja. Treni ikipiga honi Ifakara hakuna anayeuliza TAZARA ipi. Wachina waliotujengea wanaiita kwa lugha yao Tan-Zan, wanachukua kipande cha Tanzania na kipande cha Zambia, maisha yanaendelea. KPL nayo, ile kampuni ya mashamba ya mpunga ya Mngeta, ilikuwa na jina sawa na ligi kuu ya Kenya, na haikumchanganya mtu, kwa sababu mpira wa Nairobi haufiki Mngeta kuomba kibarua. Hata SP: kliniki ya wajawazito ni vidonge vya kuzuia malaria, kituoni ni Mrakibu wa Polisi. Huwezi kumkuta mjamzito anameza mrakibu. Mahali panatenganisha maana.

Ubaya wa WMA ni kwamba hapatenganishi. Wakulima ni walewale, kijiji ni kilekile, ofisi ya mtendaji ni ileile, ubao wa matangazo ni uleule. Watu wa vipimo na watu wa wanyamapori wote wanafika kwa gari la serikali, wote wana sheria mkononi, wote wanaweza kumfikisha mtu mahakamani. Mmoja anakuja kumtetea mkulima dhidi ya mnunuzi. Mwingine anakuja kuzungumzia eneo ambalo mkulima haruhusiwi kulima. Mtu akikosea kati ya hao wawili, atamkimbia aliyepaswa kumkimbilia.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, na sasa lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili. Jambo kubwa, na limechelewa. Lakini ukitafsiri sheria yote kisha ukaacha WMA imekaa katikati ya ukurasa, umemfungulia mtu mlango wa mbele na kumwekea kufuli chumbani. Watu wa kawaida wameshajipatia njia yao: wanasema "watu wa vipimo" na "watu wa maliasili". Hawachanganyi. Ofisi zifuate hapo.

Kwa hiyo, ndugu mtendaji wa kijiji, ndugu mtendaji wa kata, nawe mwenyekiti unayegonga muhuri: kabla hujabandika karatasi kwenye ule ubao, andika "Wakala wa Vipimo" au andika "Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori", na chini yake uandike wanakuja kufanya nini na siku gani. Wino unaotumika ni kidogo. Nawe mkulima mwenzangu, ukiitwa mkutanoni kwa ajili ya WMA, simama kabla agenda haijafunguliwa uulize ni ipi, na jibu liandikwe kwenye muhtasari. Usinyooshe mkono mpaka umejibiwa.